Kijimto Chenye Mfupa

Kibali cha ukaazi cha Mama Pindo kilikuwa kinaisha Ijumaa saa tisa alasiri, na Jumatatu ile asubuhi mwenyewe hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa ameketi katika ofisi ya uhamiaji, kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa pamoja na vingine vitatu kwa chuma kimoja, hivi kwamba mtu wa mwisho akijikuna mgongo wote wanne wanatikisika. Mkoba ulikuwa mapajani, namba sitini na mbili mkononi. Wenzake walikuwa wakipanga na kupangua makaratasi yao. Yeye alikuwa akitazama pazia. Lilikuwa la kijani, limeshuka upande mmoja kwa vidole vinne, na aliyelishona alitumia uzi mweupe, jambo ambalo kwa Mama Pindo lilikaribia kuwa dhambi.

Alikuwa fundi cherehani. Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, kwa sababu hakuchoka kuwaambia kwamba nguo isiyo na pindo ni kama barua isiyo na salamu. Mtu akimwambia ana haraka, aliache gauni hivyo hivyo, alimrudishia gauni lake na kumtakia safari njema.

Pale mlangoni mlinzi alikuwa amemsumbua kidogo. Si kwa ubaya. Mama Pindo alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, na kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, pale panapovaliwa saa, alikuwa amefunga kijimto chake cha pini kwa mpira. Hakukumbuka hata siku moja kukivua mchana. Mlinzi alisema vitu vyenye ncha haviingii. Akakipokea, akakibonyeza kwa kidole gumba, akaruka.

"Mama, hiki kitu kina mfupa ndani?"

"Ndiyo sifa yake," Mama Pindo akamwambia. "Vijimto vya wenzangu pini zinalala kama walevi. Changu zinasimama wima."

Mlinzi akakiweka kwenye rafu yake, kati ya kofia na chupa ya chai, akinyonya kidole.

Sasa, kanuni zenyewe zilikuwa hivi. Mgeni mwenye kibali cha muda alitakiwa awe na mdhamini, na mdhamini ni mwajiri, au mume, au mke. Mdhamini wa Mama Pindo alikuwa mzee mmoja dobi, ambaye katika chumba cha mbele cha duka lake cherehani ya fundi ilikuwa imesimama miaka yote, karibu na dirisha. Kila baada ya miaka miwili mzee alivaa miwani na kuweka sahihi, na kibali kiliongezwa. Lakini mzee alikuwa ametimiza miaka sabini na moja, magoti yamechoka na mvuke wa pasi, na mwisho wa mwezi alikuwa anafunga kazi kwenda kukaa kwa mwanawe mji mwingine. Alitaka kumwachia fundi chumba kile. Sheria haikumruhusu mgeni wa muda kupanga chumba cha biashara kwa jina lake.

Dawa ilikuwa moja tu, ukaazi wa kudumu. Mwenye ukaazi wa kudumu hana haja ya mdhamini, na anapanga chumba kama mtu mwingine yeyote. Aliyekaa nchini miaka kumi mfululizo anaruhusiwa kuuomba, mradi aombe kabla kibali cha muda hakijafa. Kikifa, miaka yote inafutika kama chaki ubaoni, mtu anafunga mizigo kwa siku kumi na nne, anatoka, na akirudi anaanza kuhesabu moja. Mama Pindo alikuwa na miaka kumi na miezi miwili. Alikuwa pia na binti mwenye mimba ya miezi minane na wiki moja, mtoto wake wa pekee, na mjukuu hazaliwi mara mbili.

Dirisha la tatu alikaa afisa mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mifupa. Watu wa foleni walimwita Bwana Kifungu, kwa kuwa hakuweza hata kukuambia usogee bila kutaja kifungu kinachokusogeza. Alikagua karatasi za Mama Pindo moja moja, akizipanga kwa rula. Picha mbili, zipo. Barua ya mzee dobi, ipo. Pasipoti, ipo.

Akauliza kadi ya kwanza.

Mama Pindo aliijua. Ilikuwa kadi ya karatasi nene, rangi ya maziwa, ukubwa wa kiganja, ambayo mgeni hupewa siku ya kwanza anapoingia. Wakati wa kuongeza muda haikuwa ikiulizwa, ndiyo maana miaka yote ile haikuona jua. Akamwambia afisa kwamba ipo, ameitunza vizuri, ameishonea ndani.

Afisa akainua macho. "Ndani ya nini?"

Hapo ndipo Mama Pindo alipogundua kwamba hakumbuki.

Akaomba kujua kama haiwezekani kuangalia kwenye vitabu vyao wenyewe, maana siku ile aliandikishwa na kutia dole gumba. Bwana Kifungu akamweleza, bila ukali, kuwa vitabu vimepangwa kwa namba za kadi, si kwa majina, na viko elfu na kitu huko chini. Bila namba ni kutafuta tone la maji kisimani. Mama Pindo akauliza kama binti yake, ambaye ameolewa na mwenyeji, hawezi kuwa mdhamini. Anaweza, afisa akasema, mzazi akifikisha miaka sitini. Mama Pindo alikuwa na hamsini na minne. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtu alimwambia kuwa bado ni kijana, na hakufurahi hata kidogo.

Alipokuwa akikusanya karatasi zake aliona kifungo cha mkono wa shati la afisa kimening'inia kwa uzi mmoja. Vidole vikamwasha. Akasema ampe dakika moja tu, sindano anayo mkobani, mlinzi hakuiona. Bwana Kifungu akauficha mkono chini ya meza.

"Kifungu cha kumi na tisa, mama. Mtumishi hapokei huduma kwa mwombaji." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ijumaa saa tisa. Nitakuwa hapa."

Mlangoni akarudishiwa kijimto chake, akakivaa, akaenda zake.

Mama yake Mama Pindo alimfundisha, tangu hajaota meno ya pili, kwamba droo ina mwizi lakini mshono hauna. Kwa hiyo alishona kila kitu cha maana. Tatizo ni kwamba alikuwa fundi hodari. Alichokificha yeye kilifichika hata kwake mwenyewe, kwa sababu mshono wake ulirudi sawasawa na wa mwanzo, pindo kwa pindo, na ndani ya miaka kumi alikuwa amehama nyumba mara tatu.

Jumatatu jioni na Jumanne kutwa alifumua. Alianza na godoro, kona ya kichwani, akiwa na uhakika wote duniani. Ndani alikuta kadi ya kliniki ya binti yake, ile ya kupimiwa uzito akiwa mchanga. Katika mto wa kulalia alikuta picha ya marehemu mumewe akiwa amevaa kaptura, akaketi nayo kidogo. Katika pindo la pazia alikuta ufunguo wa nyumba ambayo walikwisha kuihama kabla hawajavuka mpaka. Katika mto wa kiti cha sebuleni alikuta barua ya kaka yake, na jino.

Binti yake, ambaye tumbo lilikuwa limemkataza kuinama, alikaa akishika bakuli la nyuzi zilizofumuliwa. Aliangalia jino lile, akaangalia sebule, manyoya ya mito yakielea kama kuku amechinjwa pale.

"Mama," akasema, "humu ndani kuna kitu ambacho hakina kitu ndani?"

Mkwe wake, mwokaji mikate, mtu mkubwa na mpole, aliporudi kazini alikataa kukaa kwenye kiti. Alijipapasa koti lake kwanza, mifuko, kola, mgongo, akauliza kwa adabu kama mama mkwe hajawahi kulishika. Binti akacheka mpaka akashika kiuno. Mama Pindo naye akacheka, lakini usoni tu.

Jumatano alikwenda kazini kwa sababu wateja hawana habari na misiba ya watu. Alikaa mbele ya cherehani, akaweka mguu kwenye pedali, pedali haikwenda. Mzee dobi alikuwa nyuma ya kaunta akifunga mashati kwa namba. Alikuwa amejua yote tangu Jumatatu na hakusema kitu, maana alikuwa mtu wa kufikiri kwa kupiga pasi, na shati la kufikiria jambo hili alilipata Jumatano saa nne. Alikuwa kwenye bega la shati hilo, anazungusha ncha ya pasi, mara akaisimamisha.

"Dada fundi," akasema. "Mimi sura za watu nazisahau. Nguo sisahau."

Mama Pindo akageuka.

"Siku ya kwanza uliyoingia hapa kuniomba kazi, ulivaa koti la buluu. Mabega mapana kama unakwenda kwenye gwaride. Na kila ukimaliza kusema, unajigusa bega la kushoto. Nikadhani labda una kiroboto."

Mkono wa kulia wa fundi ukapanda wenyewe, ukaenda kwenye bega la kushoto. Koti la buluu. Alisafiri nalo, alilala nalo siku mbili ndani ya lori la kaka yake, na alipopewa ile kadi alikuwa amelivaa. Bila shaka. Angeishonea wapi, barabarani, kama si mwilini?

Na koti lile alimpa wifi yake, mke wa kaka yake, mwaka wa pili.

Wifi huyo alikuwa msusi, mwenyeji wa pale pale, mwanamke wa maneno mengi na vidole vyepesi, na utani wao ulikuwa hauna Jumapili. Alimwita fundi "wifi yangu wa kuagiza." Lakini tangu Jumanne alikuwa mji wa pili, akimsuka bibi harusi na wapambe wake kumi na mmoja, na kaka mtu alikuwa safarini na lori lake. Wakampigia simu. Wifi akasema koti lipo, limo sandukuni, na ufunguo wa sanduku uko shingoni mwake, na wapambe saba bado wana nywele kama walivyoumbwa. Atarudi Ijumaa basi la asubuhi. Akaongeza kwamba fundi asikonde. Kanuni si inasema mdhamini ni mwajiri au mume? Basi kadi ikikosekana atamtafutia mume. Hapo harusini wanaume wapo wa kutosha, mmoja ana meno yake yote.

"Mpaka Ijumaa saa tisa?" Mama Pindo akauliza.

"Wifi yangu, wanaume hawana shida, wanavalishwa tu. Shida ni wewe, utataka kwanza umpime urefu wa suruali."

Alhamisi ilipita kama Alhamisi zinavyopita mtu akiisubiri Ijumaa. Mama Pindo alitia mapindo kumi na nne.

Ijumaa saa tatu na nusu wifi aliingia kwa dobi akiwa na mkoba wa safari begani, nywele zake mwenyewe zimefungwa kitambaa kwa sababu msusi hajisuki, na koti la buluu mkononi limefungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga. Alilipenda lile koti. Alilivaa kwenye mazishi, kwenye vikao vya shule, na siku zote alizotaka kuogopwa. Kabla hajaliachia alimtaka fundi aape mbele ya mzee kwamba atalishona tena, na bitana mpya, ya hariri. Mama Pindo akaapa.

Wakalilaza kwenye meza ya kupigia pasi, dirisha likiwa wazi ili mwanga uingie. Mama Pindo akatia pini saba mdomoni, kama kawaida yake akianza kazi ngumu, akachukua wembe. Alifumua bega la kushoto. Hamna. Alifumua la kulia. Hamna. Bitana ya mgongo ikatoka nzima, ikawekwa pembeni kama ngozi. Kola. Mifuko. Pindo la chini, mzunguko wote. Mzee dobi alikuwa akipokea kila kipande na kukipiga pasi, maana hakuweza kukaa na kitambaa kilichokunjana mbele yake, hata siku ya kiama. Saa nne na robo koti halikuwa koti tena. Lilikuwa vipande kumi na sita vilivyonyooka vizuri sana.

Kadi haikuwemo.

Wifi hakutania. Hilo ndilo lililomtisha Mama Pindo zaidi. Wifi aliinama, akaokota kipande cha mkono wa koti, akakishika mahali pa bega, akatazama pale palivyo tupu.

"Lakini si hivi ulivyonipa," akasema polepole. "Uliponipa lilikuwa na mabega. Nikalivaa, mume wangu akacheka siku nzima, akasema naonekana kama mlango umevikwa nguo. Nikakurudishia, ukayatoa. Vile vijimto vya mabega, wifi. Uliviweka wapi?"

Mzee dobi akasema, bila kuinua kichwa, kwamba vilitupwa tu.

Wifi akamtazama. Mzee naye akaitafakari kauli yake, akaona aibu. Mama Pindo kutupa kitu? Mwanamke yule alikuwa na mfuko wa vipande vya nyuzi vifupi visivyoweza hata kufunga fundo, na aliuita mfuko wa akiba.

Mama Pindo mwenyewe hakuwa akiwasikia sana. Alikuwa anatoa pini mdomoni ili aseme kitu. Ile ya kwanza akaipeleka kwenye mkono wake wa kushoto, kama alivyofanya mara mia kwa siku kwa miaka minane, bila kutazama, akaichoma kwenye kijimto. Pini ikaingia, ikagonga pale panapogonga siku zote, ikapenya, ikasimama wima.

Akaitazama ile pini.

Bado alikuwa na sita mdomoni, kwa hiyo hakuweza kupiga kelele. Alinyoosha mkono tu, kama mtu anayeonyesha jeraha. Wifi akakitazama kijimto, kilivyo cha nusu mwezi, kilivyopinda kidogo, sawasawa na bega la binadamu.

"Si kweli," wifi akasema.

Walikitoa pini zote kwanza, mia na kumi na mbili, mzee akizipokea kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Mama Pindo alifumua kitambaa cha juu, cha maua, na cha pili chini yake, cheusi, na cha tatu cha buluu. Pamba ikatoka. Na ndani ya pamba, mfupa wenyewe, rangi ya maziwa, ukubwa wa kiganja.

Mzee dobi akaiinua dirishani. Mwanga ukapita kila mahali, kama chujio la chai. Picha ya Mama Pindo wa miaka kumi iliyopita ilikuwa na uso wa mtu aliyepona ndui. Wifi akakaa kwenye kapu la nguo chafu, akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Alisema amewahi kusikia mtu kukalia uchumi, lakini hajasikia mtu kuuchoma pini miaka minane.

"Na Jumatatu," Mama Pindo akasema alipotoa mdomoni pini ya mwisho, "nilimwachia mlinzi. Ilikaa karibu na chai yake."

Mlinzi alimkumbuka. Saa sita kamili alinyoosha mkono kudai kijimto, kilichobanwa upya kwa mishono michache ya haraka, akakibonyeza kwa uangalifu wa mtu aliyeng'atwa, kikasinyaa. Akauliza leo kimepatwa na nini.

"Mfupa nimeutoa," Mama Pindo akajibu. Wifi, aliyekuja kumsindikiza, ikabidi atazame ukutani.

Foleni ilikuwa ya Ijumaa. Namba yao ilikuwa themanini na nane, na ilipofika dirisha la tatu ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Bwana Kifungu alipoona wamekuja, aliweka rula yake sawa. Mama Pindo akaisukuma kadi chini ya kioo, akasimama wima kama pini zake.

Afisa aliitazama mbele. Akaitazama nyuma. Akaiinua kwenye taa, na matone madogo ya mwanga yakamwangukia usoni. Akauliza, kwa sauti isiyo na kifungu chochote, kilichotokea. Mama Pindo akamweleza yote, kuanzia lori mpaka mlango uliovikwa nguo. Foleni ikasogea karibu bila kuambiwa. Mtu mmoja nyuma aliposikia habari ya mlinzi na chai alilazimika kutoka nje.

Bwana Kifungu hakucheka. Alifungua kitabu chake cha kanuni, akafuata mstari kwa kidole, midomo ikitikisika. Wifi alisogea sikioni mwa fundi akanong'ona kuwa yule mwenye meno yote bado hajaoa.

"Kadi ya kwanza," afisa akasoma, "haitapokelewa ikiwa imechanwa, imekatwa, imeungua, imelowa hata wino ukatoka, au imeandikwa juu yake na asiye mtumishi." Akasoma tena kimoyomoyo, akafunua ukurasa wa pili kuona kama kuna kilichosahauliwa. "Kutobolewa hakukutajwa."

"Maana yake nini, mwanangu?" Mama Pindo akauliza.

"Kanuni ikinyamaza, mama, afisa hana mdomo." Akagonga mhuri wa kwanza.

Lakini wa pili hakuugonga. Aliisogeza kadi karibu na macho. Namba ilikuwa na tarakimu sita, na ile ya nne ilikuwa imepigwa pini mara nyingi mpaka imebaki tundu. Ingeweza kuwa tatu. Ingeweza kuwa nane. Afisa akasema hawezi kuandika namba asiyoiona. Saa ya ukutani ilisema saba na dakika arobaini.

Bwana Kifungu akasimama. Hakuna aliyewahi kumwona amesimama, akawa mrefu kuliko walivyodhani. Akasema tone la maji kisimani halitafutiki, lakini ndoo mbili zinatafutika. Akageuza kibao cha dirisha lake kuonyesha limefungwa, foleni ikaguna, akachukua funguo akashuka chini kwenye vitabu.

Wakasubiri. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu ikapita. Wifi alimaliza maneno yote aliyokuja nayo, akaanza kumsuka mama mmoja wa foleni bila hata kuulizana. Mama Pindo alimfikiria mjukuu ambaye hajaonekana, akajikuta anamkatia gauni kichwani, la kike, halafu la kiume, halafu lisilo na upande. Akafikiria chumba chenye dirisha, na cherehani, na kivuli cha mchana kinavyofika kwenye bobini saa tisa kasoro. Binti akapiga simu kuuliza. Akamwambia bado, anywe maji.

Saa tisa kasoro dakika kumi na mbili mlango wa nyuma ukafunguka. Bwana Kifungu alikuwa na utando wa buibui kwenye nyusi, shati lote limekunjana, na kitabu kikubwa kifuani kama mtu aliyeokoa mtoto kisimani. Alikiweka mezani, akakifungua mahali alipoweka rula. Ilikuwa nane. Jina lilikuwepo, tarehe ilikuwepo, na mbele yake dole gumba la Mama Pindo, la buluu, mistari yote imetimia, na katikati yake kikovu kidogo cha sindano alichokipata akiwa msichana. Afisa aliomba kuona kidole. Mama Pindo akakibandika kwenye kioo. Wakaviangalia vyote viwili, yeye kwa upande wake na afisa kwa upande wake.

Mhuri wa pili ukagongwa saa tisa kasoro dakika saba. Foleni ikapiga makofi, hata wale ambao dirisha lao lilifungwa kwa saa nzima.

Bwana Kifungu alimpa stakabadhi, karatasi nene ya rangi ya maziwa. Akamweleza kuwa hiyo ndiyo kibali chake mpaka kadi yenyewe itoke, siku tisini. Anaweza kupanga chumba nayo, anaweza kusafiri nayo, hahitaji mdhamini. Ile kadi ya zamani inabaki kwenye faili. "Hii uitunze kama mboni ya jicho," akasema, na Mama Pindo akakumbuka kwamba aliyempa ile ya kwanza alisema maneno hayo hayo, na ndipo mambo yalipoanzia.

Alipokuwa akimkabidhi, mkono wa shati ulikuwa wazi unapepea. Kile kifungo kilikuwa kimekatika huko chini kwenye vitabu. Afisa akaona anavyotazamwa. Akatoa bahasha ndogo mfukoni, akaitikisa, ikalia.

"Nilikiokota," akasema. "Kadi ikitoka hutakuwa mwombaji tena. Nitakuja na shati."

"Siku tisini na mkono wazi?"

"Kanuni ni kanuni, mama." Lakini hapo meno yalionekana.

Jumatatu iliyofuata mzee dobi alimkabidhi fundi ufunguo wa chumba mbele ya mwenye nyumba, na mkataba ukaandikwa kwa jina ambalo wateja wengi hawakuwahi kulijua. Mzee hakusema mengi. Alipiga pasi pazia la dirisha, akasema mengine watazungumza kwa simu. Mkwe alileta mkate wenye umbo la kijimto, ndani ametia mfupa wa unga mgumu, na binti, aliyekuwa amebakiza wiki chache, aliula wote peke yake.

Wifi alikuja kuangalia bitana yake ya hariri imefikia wapi. Alimkuta Mama Pindo kwenye cherehani yake ile ile, dirisha wazi, anatengeneza kijimto chake upya. Pamba ilikuwa imekwisha kurudi ndani, kitambaa cha maua kimekwisha kushikizwa kwa bandi nusu. Lakini pini zilikuwa zinalala. Fundi alichoma moja, ikainama. Akachoma nyingine, ikainama. Akasonya, akatazama mezani huku na huku akitafuta kitu kigumu kidogo, cha ukubwa wa kiganja, na mkono wake ukaenda kwenye mkoba, ukatoka na karatasi nene ya rangi ya maziwa, akaipima juu ya pamba. Ilienea kama imekatiwa pale.

Akahisi kuna mtu. Akainua kichwa.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, amenyoosha kiganja kama mama anayesubiri mtoto amrudishie mkasi. Mama Pindo akaiweka stakabadhi juu ya kile kiganja, taratibu, akarudi kutafuta mfupa mwingine.